Uzoefu wangu: Bedford la jeshi kutoka Arusha mpaka Karema, na stata iliyokufa kabla hatujaondoka

Mimi sina ugomvi na lori. Naanza hivyo kabisa, lori ni zuri, ugomvi wangu ni na mwenye lori na ule mdomo wake, na jina simtaji ila akisoma hapa atajijua.

Lenyewe ni Bedford MJ, lile la pua bapa, lilikuwa la jeshi la Uingereza halafu likabebeshwa watalii miaka na miaka, siti zao bado zimefungwa nyuma kwenye bodi na turubai juu. Tulikuwa ukoo mzima tunakwenda Karema kule Ziwa Tanganyika, mjomba anafanya jubilei ya upadri, na aliyewahi kutoka Mpanda kwenda Karema masika lami ikiwa haijafika anajua kwa nini hatukukodi Coaster. Tukalipa, na dhamana juu.

Cha kwanza kunishangaza ni dereva anavyoegesha. Babati tumesimama chai, nafasi tambarare zimejaa, yeye kapanda mpaka juu kule, pua inatazama chini, jiwe kwenye tairi. Katesh hivyohivyo. Mimi nikajua ni mazoea ya madereva wa zamani. Shangazi, ambaye hajawahi kushika usukani, ndo akasema, "Huyu kaka mbona anatafuta mwinuko kama mbuzi?"

Singida ukweli ukatoka. Trafiki kamwelekeza apaki tambarare, akazima, tulivyorudi akawasha, kimya. Hata mlio hamna. Akashuka anatuangalia bila aibu, "Ndugu zangu naomba mshuke tusukume kidogo." Kidogo! Yaani nimevaa kitenge cha safari nasukuma lori la vita mbele ya stendi, watu wanachukua video. Na msiseme tungeomba betri, betri zilikuwa nzima, na Fuso ilikuwa hapo pembeni nayo volti 24 kama sisi, tungechomeka waya tu. Stata, ile mota ya kuanzishia injini, ndo ilikuwa imekufa, na ilikufa zamani, dereva mwenyewe alikiri anaendesha hivyo tangu kabla ya pasaka. Fundi je? "Tajiri kakataza lisifunguliwe."

Sasa haya mainjini ya zamani raha yake likishawaka halidai umeme, pampu inaendeshwa na injini yenyewe, kulizima mpaka uvute kamba. Kwa hiyo mpango ukawa tusilizime, na pakiwa na mteremko ndo tulizime, maana likiteremka lenyewe ukaliingiza gia linawaka bila stata. Mlima Sekenke tukashuka vizuri, kufika chini Wembere ndo nikaanza kuiona nchi kwa jicho jingine. Igunga, Nzega, mpaka Tabora, hamna mteremko wa kustua hata Bajaji. Watu wanasifia tambarare, mimi nilitamani kulia.

Nzega tulilala gesti na lori linanguruma nje usiku kucha. Mpangaji mmoja katoka na taulo kiunoni kuuliza kama kuna mgonjwa wa mashine. Mwenye gesti akatutoza na pesa ya usumbufu, mafuta yanaungua ya kwetu, nikasema hapana, nampigia huyu tajiri sasa hivi.

Hapo ndo penyewe. Nikamsalimia vizuri tu, nikamweleza. Akanijibu, "Dada yangu, lile ni gari la jeshi, siyo Noah yako ya kupeleka watoto shule." Nikamwambia kaka, jeshi gani linasukuma magari likitaka kwenda vitani? Akanyamaza kidogo, halafu, nisikilizeni vizuri, akasema, "Kwani hapo hamna mwanaume niongee naye?"

Mimi ndiye nimelipa! Jina la kwenye risiti ni langu! Wanaume walikuwepo, kaka zangu wawili wamekaa kwenye boneti la ndani wanaota moto, maana injini ya hili lori iko humohumo kebini katikati yenu na joto lake mguu wa kushoto wa dereva ulikuwa umeiva, lakini waongee nini wao? Shangazi kaninyang'anya simu, akamwamkua kwanza, "Hujambo mwanangu," halafu akamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Tajiri akakata. Tangu hapo simu yangu haipokei.

Kuanzia Tabora, Sikonge, Koga mpaka Mpanda lami nzuri, tunatembea sitini, malori ya mizigo yanatupita yanapiga honi. Watoto walifurahi mno kwa sababu ya lile tundu la paa ambalo mwanajeshi angesimama na bunduki yake, waligombania zamu mpaka mmoja akapigwa. Mimi nilishaandika kichwani nyota moja, tena moja kwa sababu sifuri hairuhusiwi.

Halafu tukaingia barabara ya Karema. Jamani. Mvua imenyesha usiku kucha, kuna bonde matope meusi, basi limelala ubavu, Canter mbili zimezama, Noah moja imebaki paa na vioo. Dereva wetu wala hakusema neno, akaunganisha tairi za mbele nazo zivute, akaweka gia nzito, lori likapita linasonya tu, taratibu, kama halijaona kitu. Watu wakapiga makofi. Akarudi nyuma kwa nyororo akavuta Canter ya kwanza, ya pili, Noah, basi likachukua muda ila nalo likatoka. Mzee mmoja wa kwenye basi akamshika dereva mkono hamwachii. Mimi machozi, na hasira zote za Nzega zikaisha palepale. Nikasema nyota tano, na huyu tajiri nimemsamehe.

Sijamaliza hata kusema, bodaboda kakatiza mbele, dereva kakanyaga breki, lori likazima. Katikati ya bonde. Mteremko pande zote mbili na sisi ndo tuko chini kabisa. Msamaha nikaurudisha. Dereva akaingia uvunguni na nyundo, akamwambia utingo awe anawasha, yeye anaigonga stata, anagonga, anagonga, likashika. Kwa hiyo inaweza kugongwa! Kumbe hiyo njia alikuwa nayo, tulisukuma Singida kwa nini? Eti alikuwa anaitunza kwa dharura.

Karema tulifika misa imeanza. Misheni ile ilianza kama kituo cha Wabelgiji 1879, 1885 wakakabidhiwa Wamisionari wa Afrika, na mjomba hakosi kukusimulia kwamba wale wa mwanzo walitoka pwani kwa miguu. Siku hiyo niliwaonea wivu, miguu haina stata.

Wakati wa kurudi, Mpanda, nikamwambia dereva hapa inafunguliwa, tajiri akasirike kwangu. Fundi kijana tu, kaitoa, kaifungua juu ya gunia, kaboni, vile vijiti vya kupitisha umeme ndani ya stata, zimekwisha zimebaki vipande. Akachukua kaboni za stata nyingine, akazipiga msasa mpaka zikaingia, akarudisha, likawaka mara ya kwanza bila kelele. Alichotoza hakifiki hata nusu ya dizeli tuliyochoma usiku ule Nzega. Kaboni! Ukoo mzima umesukuma lori kwa ajili ya kaboni!

Tulivyofika Arusha tajiri akakata kwenye dhamana, sababu "mmefungua stata bila ruhusa." Na hiyo stata sasa hivi inafanya kazi kwake, kwa hela yangu. Nimemtumia risiti ya fundi, kasoma, alama mbili za bluu zipo, hajajibu.

Nyota sasa sijui niweke ngapi. Dereva nampa zote. Lori nalo nalipa nyota zote, hata bila stata. Mjomba mwingine anaozesha mwanawe Ikola, hukohuko ziwani, mwakani, tena masika, na nimeuliza Arusha nzima Bedford nyingine ya kukodi sijaipata, kwa hiyo shangazi ndo atakayempigia huyu bwana.