Kijana Alichomoa Diski Nzima, Akaacha Mbovu

Nianze na mkono wa yule kijana, maana ndio ninaouona nikifumba macho. Wa kushoto ulikuwa na simu, anaongea na mtu, anacheka. Wa kulia ukaenda kwenye Xserve RAID yangu, ukabonyeza, ukavuta. Sikuwahi hata kusema "ngoja". Zile taa za buluu ambazo miaka yote zimepanda na kushuka usiku kucha zikatulia tuli, upande mzima.

"Mathe, imekwama," akaniambia.

Imekwama!

Kwa wasioijua, ni sanduku la chuma la kupanga diski za seva, la kufungwa kwenye raki. Apple walianza kuliuza 2003, wakaliacha 2008. Langu nililipata mtumba baada ya hapo, kwa studio iliyokuwa inafunga milango, nikalibebesha video za harusi, ruracio (sherehe za mahari), matanga na kwaya zisizo na idadi. Mambo ya vipimo mtatafuta wenyewe. Mimi nataka mwelewe moja tu: diski ni 14, saba kushoto, saba kulia, na kila upande una kontrola yake, yaani kifaa cha kuziongoza. Ni kama wake wenza: paa moja, vyungu mbalimbali. Wa kulia hajui kilichompata wa kushoto, na akijua hana la kumsaidia. Mimi nilizipanga kwa RAID 5, yaani katika zile saba moja ikifa, sita zilizobaki zinapiga hesabu na kujaza pengo lake. Ikitoka ya pili kabla hujaweka nyingine, kwisha habari.

Na kushoto moja ilikuwa imeshakufa. Nilijua. Kengele ililia asubuhi, taa yake ikawa nyekundu, nami sikuigusa. Nikapigia duka moja la pande za Luthuli, Nairobi, mwenyewe akaniapia anazo diski za aina ile ya zamani, za waya bapa mpana. Atatuma fundi kesho. Kesho hiyo ilikuwa siku ya tatu.

Fundi akaingia bila hodi. Hakuniamkia. Umri wake ni wa kitinda mimba wangu, na wangu hathubutu. Akaangalia raki, akacheka kwa pua. "Mathe, hii kitu si ungepea tu wale wa vyuma?" Nikameza. Nikamwonyesha kwa kidole kabisa: ni hii, yenye nyekundu. "Najua," akasema, na hata hakuangalia kidole kilipoelekea.

Akachomoa jirani yake.

Nilipompigia mwenye duka, sauti ikiwa haitoki vizuri, alinijibu hivi: "Lakini mama, si ulisema ilikuwa mbaya tangu mwanzo?" Kisha akanikumbusha shilingi 2,500 za fundi kufika. Nililipa. Msiniulize kwa nini nililipa.

Haya, nami nina makosa yangu. RAID si nakala. Nimewaambia vijana wa kazi mara ngapi, nami mwenyewe nilikuwa sina nakala ya harusi za miezi miwili, kwa sababu ile mashine haikuwa imewahi kuniangusha na nikaota kiburi. Na mashine yenyewe nayo, jamani! Programu ya kuisimamia imeandikwa kwa Java, lugha ya programu, ya enzi hizo, kwenye kompyuta yangu mpya imekataa katakata kufunguka. Ilibidi nitafute laputopu iliyokuwa chini ya kitanda, betri imevimba, inaishi kwa waya wa stima tu. Kwa hasira ya jioni ile ningewaambia msiiguse hata mkipewa bure na kilo mbili za sukari juu yake.

Ila ilirudi. Mpwa wangu alirudisha ile diski nzima kwenye shimo lake lile lile, tukakaa na laputopu hadi saa nane usiku tukiilazimisha ile safu ya diski za kushoto iamke. Taa za buluu zikaanza tena, polepole. Nililia, sioni aibu kusema. Tulinakili kila kitu nje kabla ya kulala, kwaya kwanza, maana kwaya ndio hawajamaliza kulipa. Harusi mbili zina faili zilizoharibika. Moja bibi harusi anaingia kanisani halafu ghafla watu wanakula keki. Sijampigia bado.

Kwa hiyo mashine naipa nyota nne. Tatu, kwa ile Java. Kuinunua leo usinunue, diski zake ni za kuokoteza na nyingi zimechoka kuliko hizo unazotoa. Yangu siuzi. Duka lile silitaji, lakini ukiletewa fundi aliyeshika simu, mnyang'anye simu kwanza.

Halafu jana. Nilikuwa nafagia chini ya raki, nikaona mfuko wa karatasi alioacha yule kijana, ile diski aliyokuja kuniwekea. Sikuwa nimeufungua. Nimeufungua. Diski ni ya SATA, aina ya baadaye, ya waya mwembamba. Haingeingia hata angechomoa iliyo sahihi.