Uzoefu wangu: alaimenti tatu za Toyota IST moja, na ile iliyodumu

Natumia Toyota IST yenye injini ya lita 1.5, na katika kipindi cha miezi kumi nimeipeleka kufanyiwa alaimenti, yaani kupimwa na kurekebishwa uelekeo wa magurudumu, mara tatu, katika gereji tatu tofauti za Dar es Salaam. Gereji mbili za kwanza sitazitaja. Ya tatu, iliyoko upande wa Barabara ya Nyerere, ndiyo ninayoitathmini hapa, ila siwezi kueleza ubora wa kazi yake bila kusimulia kwanza yaliyonipata katika zile mbili, kwa sababu naamini yanawapata wenye magari wengi ambao hulipa, hupewa karatasi na kuondoka wakiwa na uhakika kwamba magurudumu yao yamenyooka.

Tatizo lilianza baada ya kufunga matairi manne mapya, ya ukubwa wa 185/65R15, na kusafiri kwenda Iringa kuwaona wazazi. Niliona kwamba gari likienda moja kwa moja, usukani umelala upande wa kulia kidogo. Mwanzoni nililaumu barabara, kwani malori mazito yaendayo Zambia na Kongo yameacha mifereji katika lami sehemu kadhaa za njia ile, na gari dogo likiingia humo hufuata mfereji badala ya kumfuata dereva. Tena nchini kwetu tunaendesha kushoto, na barabara hujengwa na mwinamo wa kumwaga maji pembeni, hivyo hata gari zima kabisa linaweza kuelemea kushoto kidogo ukiachia usukani. Lakini niliporudi Dar es Salaam na kulijaribu gari kwenye eneo tambarare la maegesho, usukani ulikuwa umelala vilevile.

Fundi wa gereji ya kwanza alipima kwa kamba. Sina ugomvi na kamba yenyewe, kwani fundi makini akiivuta vizuri kando ya magurudumu anaweza kupata vipimo vya kuaminika. Ugomvi wangu ni kile alichofanya baadaye. Alipoona usukani bado umelala, aliuchomoa, akauzungusha kidogo na kuurudisha ukiwa umenyooka. Mimi nilifurahi, nikalipa, nikaondoka. Sikujua kwamba kuuhamisha usukani hakubadilishi chochote katika uelekeo wa magurudumu. Ni sawa na kusogeza mshale wa saa iliyosimama. Isitoshe, usukani huo ndimo ulimo mfuko wa hewa wa usalama pamoja na nyaya zake, na si sehemu ya kuchomolewa ovyo.

Baada ya kilomita zipatazo 6,000, kingo za ndani za matairi yote mawili ya mbele zilikuwa zinaelekea kuwa kipara, ilhali upande wa nje ulionekana kama mpya. Ukisimama mbele ya gari huoni kitu. Ni mpaka ukunje usukani hadi mwisho na kuinama. Nilipopitisha kiganja juu ya meno ya tairi, kwenda upande mmoja palikuwa laini na kurudi upande wa pili palikwaruza kama msumeno. Ninamsihi kila mwenye gari afanye jaribio hilo dogo mara moja kwa mwezi, injini ikiwa imezimwa na tairi likiwa limepoa, kwa sababu halihitaji kifaa chochote na huonyesha tatizo mapema kabla macho hayajaliona.

Gereji ya pili ilikuwa na mashine ya kompyuta, na kwa hilo nilijiona nimefika mahali sahihi. Kazi ilichukua dakika zipatazo 20. Hakuna aliyepima upepo wa matairi, hakuna aliyeingia chini ya gari, na hakuna aliyeniuliza gari lina tatizo gani. Nilikabidhiwa karatasi yenye namba za kijani, yaani vipimo viko sawa. Baada ya wiki mbili usukani ulikuwa umehama tena, safari hii kuelekea kushoto, na kila nilipopita juu ya tuta palisikika mlio mdogo wa chuma kugongana upande wa kulia.

Sasa nije kwenye gereji ya tatu, ambayo nilielekezwa na jirani. Fundi alipolipokea gari hakulipeleka kwenye mashine. Aliniuliza lini nilibadilisha matairi, usukani umelala upande gani na kwa mwendo gani, na kama gari linatetemeka. Nilipomwambia kuna mtetemo ninapofika kilomita 90 kwa saa, alinieleza kwamba huo kwa kawaida hutokana na balansi ya magurudumu, yaani usawa wa uzito wa gurudumu linapozunguka, wala si alaimenti, kwamba hizo ni kazi mbili tofauti, na kwamba nisikubali kuuziwa moja kwa ugonjwa wa nyingine. Kisha akalipandisha gari, akashika gurudumu la mbele la kulia kwa mikono yote miwili, kushoto na kulia kwake, na kulitikisa. Lilicheza waziwazi. Tairodi endi, yaani kiungo cha mwisho cha fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu, ilikuwa imelegea, na bushi, yaani mipira ya mkono wa chini unaoshikilia gurudumu, zilikuwa zimechanika pande zote mbili.

Maneno yake nayakumbuka vizuri: "Dada, nikikupimia leo namba zitakaa kijani, lakini ukifunga breki pale nje zitakuwa zimeshahama. Badilisha hivi kwanza, halafu uje tupime." Alikataa kuchukua fedha ya alaimenti siku hiyo. Nilikwenda Kariakoo kununua vipuri, nikavipeleka gereji, na siku ya pili vikafungwa. Kwangu mimi, huko kukataa ndiko kulikonishawishi kuliko mashine yoyote, kwani gereji iliyoacha shilingi 40,000 ipite kwa sababu kazi haitadumu inastahili kuaminiwa.

Upimaji wenyewe ulifanyika kwa utaratibu nilioufuatilia mwanzo hadi mwisho. Upepo wa matairi yote ulisawazishwa kulingana na kibandiko cha mlangoni. Mizigo ilitolewa kwenye buti, kwani uzito wa upande mmoja hulaza gari na kupotosha vipimo. Magurudumu ya mbele yaliwekwa juu ya sahani zinazozunguka, ili yaweze kugeuka bila kubanwa na sakafu, na gari likasukumwa mbele na nyuma ili mashine isidanganywe na rimu iliyopinda. Kisha usukani ukanyooshwa na kufungwa kwa chuma kabla nati yoyote haijaguswa.

Mashine husoma mambo matatu makuu. Kemba ni jinsi gurudumu linavyoegemea ndani au nje ukilitazama kutoka mbele; kasta ni mwinamo wa mhimili wa kukatia kona ukiutazama kutoka ubavuni, nao ndio unaosaidia usukani urudi wenyewe baada ya kona; na tou ni kama nyayo, yaani magurudumu mawili yanatazamana kwa mbele au yanapeana mgongo. Kemba na kasta za gari langu zilikuwa nzuri mara tu bushi mpya zilipofungwa. Tou ndiyo iliyokuwa imeharibika: magurudumu ya mbele yalikuwa yamefunguka nje kwa dakika 11 kushoto na dakika 9 kulia, ambapo digrii moja ina dakika 60.

Nilimwambia fundi kwamba theluthi moja ya digrii inaonekana ndogo sana. Alichukua kalamu tukapiga hesabu pamoja. Gurudumu lililopotoka kwa dakika 10 hulazimika kuburutwa kando karibu mita 3 kwa kila kilomita ya kwenda mbele, na safari ya kutoka Dar es Salaam hadi Iringa ni takribani kilomita 500. Kwa hiyo kila tairi la mbele lilikuwa limesuguliwa kando kiasi cha kilomita moja na nusu kwa safari moja, na kurudi vilevile. Tangu siku hiyo sijashangaa tena jinsi matairi mapya yalivyokwisha.

Jambo jingine ambalo gereji mbili za awali hazikuligundua ni urithi wa ule usukani uliochomolewa. Fundi aliuzungusha kutoka katikati hadi mwisho wa kushoto, kisha hadi mwisho wa kulia, akaona mizunguko haifanani. Akaingia chini na kuhesabu nyuzi za bolti zinazoonekana kwenye tairodi za pande zote mbili. Upande mmoja ulikuwa umetokeza sana kuliko mwingine. Ilibidi usukani urudishwe mahali pake pa asili, tairodi zisawazishwe, na ndipo tou irekebishwe. Kazi hiyo peke yake ilichukua zaidi ya saa moja, na hakuniongezea bei.

Kuhusu magurudumu ya nyuma, alinieleza kwamba ekseli ya nyuma ya IST haina bolti za kurekebishia alaimenti, kwa hiyo aliyapima tu ili kuhakikisha kwamba haijapinda. Nilithamini ukweli huo, kwa sababu lingekuwa jambo rahisi kwake kunitoza alaimenti ya magurudumu manne.

Yapo niliyoyaona kuwa mapungufu. Nilisubiri karibu saa nne, na hapakuwa na mahali pazuri pa kukaa wala maelezo ya foleni inakwendaje. Karatasi ya vipimo nilipewa ya baada ya kazi pekee, na ilinibidi niombe ile ya kabla, ingawa kwa maoni yangu karatasi hizo mbili zinapaswa kutolewa pamoja kwa kila mteja, kwani moja bila ya nyingine haielezi kilichofanyika. Pia fundi alitaka kwenda kulijaribu gari barabarani peke yake. Nilimwomba twende wote, akakubali bila kinyongo, akaniachia niendeshe mwenyewe wakati wa kurudi.

Gharama yangu yote katika gereji hii ilikuwa shilingi 40,000 za alaimenti, 20,000 za balansi, na ufundi wa kufunga vipuri 50,000, mbali na bei ya vipuri na ya matairi mawili mapya ya mbele ambayo nisingelazimika kuyanunua kama kazi ya kwanza ingefanywa hivi.

Tangu hapo nimekwenda Iringa na kurudi mara mbili, nikapanda na kushuka mlima wa Kitonga, na nikapita matuta yote ya Mikumi. Usukani umekaa katikati, na mtetemo wa kilomita 90 umekwisha. Jumamosi iliyopita nilipima kina cha meno ya matairi ya mbele kwa kipimo kidogo nilichonunua: kushoto ni milimita 6.8 ndani na 6.9 nje, kulia ni 6.8 pande zote mbili.