Kichwa cha kiumbe wa mbali kwa Monster Clay: miezi mitatu ndani ya joto la Dar

Kichwa chenyewe, cha kiumbe wa kubuni kutoka nyota nyingine, kipo mezani mbele yangu. Kutoka kidevuni hadi ncha ya ushungi uliosimama utosini ni sentimita 31, taya lake limefunguka kidogo, na ngozi yake wageni wakiingia sebuleni huinyooshea kidole waiguse hata kabla hatujamaliza kuamkiana. Nimekifinyanga kwa Monster Clay, udongo wa nta na mafuta unaotengenezwa na The Monster Makers wa Ohio, Marekani. Nimekaa nao miezi mitatu, nikitoka kazini usiku. Wapo walioniuliza kama unatufaa sisi watu wa pwani, na kama pesa yake inalipa. Unafaa sana, ila nunua ule mgumu. Nieleze kwa nini.

Mimi ni fundi sanifu wa meno. Kutwa mikono yangu iko kwenye nta: napanga meno kwenye nta, nachonga ufizi, nazungushia plasta, nayeyusha nta, pale ilipokuwa inaingia akriliki. Kwa hiyo nta yenyewe sikuiogopa. Nilichokuwa nakikosa kwenye udongo mwingine ni muda. Udongo wa mfinyanzi nimeufanyia kazi miaka miwili na bado naupenda, lakini unakuamrisha. Kila usiku uufunike kwa kitambaa kibichi, kila asubuhi uunyunyizie maji. Mwaka juzi nilikwenda msibani Morogoro siku sita, niliporudi kichwa nilichokuwa nakifanya kimepasuka kutoka jichoni hadi shingoni. Na si kukauka tu: udongo wa maji ukikauka unasinyaa, waya ulio ndani hausinyai, basi lazima upasuke mahali. Udongo wa polima nao haukauki mpaka uuchome, kwenye nyuzi joto 130 hivi, lakini jiko langu la kuokea ni dogo, kichwa cha ukubwa huu hakiingii.

Monster Clay hauna maji, kwa hiyo hauna cha kukauka. Ukiuacha wiki tatu unaukuta ulivyouacha. Kwa mtu mwenye saa mbili tu kwa usiku, na usiku mwingine umeme hakuna, hilo peke yake limenipa kichwa ambacho kwa udongo mwingine nisingekimaliza.

Sasa suala la ugumu, maana hapa ndipo nilipotumia pesa vibaya. Udongo huu unauzwa kwa ngazi tatu: laini, wa kati na mgumu. Nilianza na wa kati kwa sababu ndio niliokuwa nauona mikononi mwa wengi, na sikujiuliza hao wengi wanafanyia kazi kwenye baridi gani. Maabara kwetu kuna kiyoyozi. Pale ulikuwa mtamu ajabu, kisu kinapita na kuacha ukingo safi kama kwenye nta ya meno. Nyumbani hakuna kiyoyozi. Ilikuwa Februari, saa nne usiku bado jasho linatiririka mgongoni. Natoboa vitundu vya ngozi shavu la kulia, nageuza kichwa nifanye la kushoto, kiganja changu kinalala juu ya shavu la kulia kwa dakika tano, nikikitoa vitundu vimekuwa makovu mafupi yasiyo na kina. Nilirudia shavu lile mara tatu kabla sijakubali kwamba kosa si la mkono bali la uchaguzi wangu.

Nikaagiza ndoo ya ule mgumu. Joto letu linauteremsha daraja moja: mgumu wa kule, hapa Dar mkononi mwangu ni wa kati. Ngazi zote zinachanganyika bila shida, hivyo ule wa kwanza sikuutupa. Nimeutumia kwa unene wa ndani, mashavu na shingo, kisha juu yake nikapaka tabaka la mgumu, milimita nane au kumi, ambalo ndilo linalobeba ngozi. Mwenye kiyoyozi nyumbani, au anayeishi Arusha, Mbeya au Nairobi, wa kati utamtosha.

Kuulainisha kabla ya kazi ni rahisi. Ndoo yake inaingia kwenye maikrowevu, lakini nenda dakika moja moja na ukoroge, kwa sababu katikati unayeyuka mapema wakati juu bado unaonekana mgumu, na nta ya moto ikishika ngozi haitoki haraka. Umeme ukikatika ninakata vipande, navianika juani juu ya kipande cha bati saa sita mchana. Baada ya nusu saa vinapondeka kama ugali wa jana uliopashwa.

Kiunzi hakina siri: kipande cha marine bodi, flanji na bomba la nusu inchi, juu yake fungu la foili lililobanwa kwa bainding waya mpaka likae umbo la fuvu. Foili ibane kwelikweli, uigonge kwa nyundo. Mimi sikuigonga vya kutosha upande wa ushungi, na wiki ya pili ushungi ukaanza kuinama. Ilibidi niufungue, niweke waya mnene, niufunge tena. Foili hiyo inaokoa udongo mwingi. Kichwa kizima kimekula chini kidogo ya ndoo mbili za paundi tano, yaani kama kilo nne.

Kiumbe mwenyewe sikutaka awe mtu aliyevutwa paji la uso akawekewa macho makubwa. Nilianza na silikanti, samaki ambaye wavuvi wa Tanga walianza kumnasa kwenye nyavu za papa miaka ya mwanzo ya 2000, na ambaye mwaka 2009 akaanzishiwa hifadhi yake ya bahari hukohuko Tanga. Fuvu la silikanti lina kiungo katikati. Akifungua kinywa, taya la chini linashuka na wakati huohuo nusu ya mbele ya fuvu inanyanyuka. Mimi ninayeshinda na taya za watu nilipoliona hilo kwenye mchoro nilikaa kimya muda mrefu. Basi kiumbe wangu ana mshono unaopita juu ya kichwa kutoka sikio hadi sikio, au pale ambapo masikio yangekuwa, na ngozi juu ya mshono huo imekunjamana kama ya kiwiko, kwa sababu hapo ndipo kichwa kinapokunjika. Puani silikanti ana vitundu sita vya kiungo kinachohisi umeme wa viumbe wengine gizani. Nami nimemwekea wangu sita, vitatu kila upande. Hakuna aliyeniuliza ni vya nini, lakini kila mtu anavitazama.

Tena kulikuwa na ziara moja Mwenge, kwa wachongaji wa vinyago. Nilikwenda kutazama mashetani ya Kimakonde, mtindo ambao mwanzo wake hutajwa pamoja na jina la mchongaji Samaki Likankoa, Dar es Salaam, miaka ya 1950. Nilikuwa na picha ya kichwa changu kwenye simu. Nikamwamkia mzee mmoja aliyekuwa anapiga msasa, nikamwomba aitazame.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Huyu nani?"

"Si wa hapa, mzee. Wa nyota nyingine."

Akaikuza picha kwa vidole viwili, akaigeuza, akanirudishia. "Huku na huku sawasawa. Umempimia rula? Mpe jicho moja lililolala."

Usiku ule nikashusha kope ya kushoto milimita nne na kuvuta pembe ya mdomo upande uleule. Kazi ya dakika kumi. Asubuhi nilipopita na kikombe cha chai nilihisi natazamwa.

Nije kwenye ngozi, maana udongo huu hapo ndipo unapojionyesha. Macho ni gololi mbili, nimezizamisha na kuzijengea kope kwa visoseji vyembamba vya udongo. Makunyanzi makubwa nimeyakata kwa kisu cha Le Cron, kilekile ninachochongea nta, kisha nikayapitia juu ya karatasi ya nailoni ya kufunikia chakula. Unaitandaza juu ya udongo, unakandamiza mstari kwa kijiti cha mshikaki, na nailoni inaufanya ukingo wa mstari uwe wa mviringo. Bila nailoni unapata mkwaruzo. Ukiwa nayo unapata kunjo la ngozi. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayotenganisha kichwa kilichochorwa na kichwa kilichofinyangwa.

Kwa magamba ya shingoni nilitengeneza mihuri. Nilichukua silikoni ya kuzibia madirisha, nikaikanda na wanga wa mahindi mpaka ikaacha kunata. Chumba kizima kikanuka siki, fungua madirisha. Nikaibandika juu ya ganda la fenesi bichi. Baada ya saa moja nikaibandua, na ndani yake kulikuwa na mashimo ya miiba midogo ya fenesi, yote, hata ile iliyovunjika. Huo muhuri nikaunyunyizia poda ya mtoto usishike, nikaukandamiza shingoni mwa kiumbe. Vitundu vya puani na shavuni ni ganda la chungwa lililogeuziwa muhuri kwa njia hiyohiyo. Ule udongo mgumu umeshika kila kidoti. Nilikuwa na miwani yangu ya kukuzia ya kazini, nikakaa naitazama ile shingo huku feni inazunguka, nisiguse kitu.

Kuhusu feni: usiielekeze kwenye kazi. Udongo wa mafuta daima una unyevu wa mafuta juu, unashika nyuzi za kanga, manyoya ya paka, vumbi la barabarani, na kwenye udongo wa kahawia kila unyuzi mweupe unaonekana. Ninafunika kichwa kwa boksi kila nikimaliza. Nguo nazo zivae za kazi, mafuta yake hayatoki kwa sabuni ya kawaida.

Kulainisha nimetumia spiriti ya asilimia 99 kwa brashi laini, kidogo tu, brashi ikiwa karibu kavu. Ukijaza brashi unapata uji unaojaa kwenye vitundu vyako vyote. Tapentaini ya kupaka rangi inalainisha haraka zaidi lakini harufu yake inaumiza kichwa chumba kikiwa kidogo. Zote mbili zinashika moto, kwa hiyo taa ya spiriti ninayopashia vyuma vyangu naizima kwanza, kisha ndipo nafungua chupa.

Kilichonifanya nichague udongo huu kuliko plastisini ya dukani ni salfa. Plastisini nyingi zina salfa ndani, na silikoni ya kutengenezea kalibu ya kunakilia kichwa, ile inayogandishwa kwa platinamu, ikigusana na salfa haigandi, inabaki kamasi. Kazini tunalijua tatizo hili kwa upande mwingine: daktari akishika silikoni ya kuchukulia alama ya meno kwa glavu za mpira asilia, inakataa kuganda, kwa sababu ya salfa iliyo kwenye mpira. Nilishawahi kupoteza uso mzima kwa plastisini ya bei nafuu, nikakwangua kamasi la waridi kutoka kwenye macho mpaka usiku wa manane. Monster Clay hauna salfa. Kalibu ya silikoni niliyomwaga juu ya kichwa hiki imeganda kila kona, hata ndani ya vitundu sita vya pua.

Sehemu mbaya ni upatikanaji. Dukani hapa sijaukuta, ilibidi niagize nje, na gharama ya usafiri ilikaribia bei ya udongo wenyewe. Muuzaji wa mtandaoni niliyeanza naye alinitumia ndoo ya kwanza ikiwa imepasuka kifuniko, udongo umemwagika kwenye joto la njiani na kuganda pamoja na karatasi ya boksi. Nilimwandikia mara nne na sikujibiwa. Ndoo ya pili nilinunua kwingine, ikafika salama imefungwa utepe pande zote. Ukiagiza, omba kifuniko kifungwe utepe na ndoo iwekwe ndani ya mfuko, maana boksi likikaa juani bandarini udongo utalainika tu.

Kwa anayeanza kabisa, anayetaka kujaribu mikono, anunue udongo wa mfinyanzi wa bei ya chini na ajifunze maumbo makubwa kwanza. Huu ni wa yule ambaye tayari ana kiumbe kichwani na anataka vitundu vya pua vionekane. Kwake pesa inarudi, kwa sababu udongo hauishi. Jana, kalibu ikiwa salama, nilimwaga kopi ya kwanza ya plasta, ndiyo iliyopo mezani hapa. Kisha nikabomoa kile cha udongo. Nilianza na ushungi, nikakata shingo yenye magamba ya fenesi vipande vipande, nikachomoa gololi, nikabandua foili. Vipande vyote nikavirudisha kwenye ndoo, nikapima kwenye mizani ya jikoni. Kati ya kilo nne zilizoingia, gramu 150 hazikurudi, nyingi zimebaki kwenye mikunjo ya foili. Leo mchana ndoo imekaa juani juu ya bati, na dada yangu mdogo ameshachora huyo anayefuata: ana shingo ndefu, na anataka nimwekee matamvua yanayofunguka.