Kila Jumatano niko baa: uzoefu wangu wa kurudi baleti nikiwa na miaka 41

Niseme mapema kabisa, baa ninayosema si ya pombe. Ni ile chuma ndefu ya ukutani wacheza baleti wanayoishika wakianza mazoezi, ina jina la Kifaransa na linatamkwa hivo hivo, baa. Siku ya kwanza nilimwandikia dada yangu "niko baa nitakupigia nikitoka", akanyamaza dakika kumi halafu akauliza kama nyumbani kuko salama.

Haya. Nimemaliza kadi mbili za vipindi kumi kumi kwenye darasa la watu wazima hapa Nairobi, binti yangu wa miaka 11 naye yuko studio hiyo hiyo mwaka wa tatu sasa, na kina mama wananiuliza inbox kila siku kama inafaa kumpeleka mtoto na kama kweli mtu mzima anaweza kuanza, so wacha niandike yote mara moja. Inafaa. Nyota nne kwa tano, na ile moja nitasema ilienda wapi.

Mimi nilicheza nikiwa mdogo, kilabu ya baada ya masomo, wasichana tisa na redio ya kaseti. Nikaacha nilipoingia darasa la saba manake KCPE ilikuwa inakuja na mamangu alisema miguu haitafanyiwa mtihani. Na kweli haikufanyiwa. Nikakaa karibu miaka thelathini bila kuiwaza, mpaka nikaanza kumpeleka huyu wangu na kukaa pale nje kwenye benchi saa nzima na simu. Siku moja piano inasikika mlangoni, nikatazama chini nikaona mguu wangu wenyewe chini ya benchi unanyooka na kurudi, unanyooka na kurudi, kidole kinaburuta sakafu vile vile tulivyofundishwa, na mimi nilikuwa nasoma grupu ya plot bana, sikuuambia kitu. Wiki iliyofuata nikaenda pale mapokezi, kijana akaniuliza mtoto ana miaka mingapi. Nikamwambia arobaini na moja.

Darasa lenyewe ni Jumatano saa kumi na mbili na nusu jioni. Tuko kama kumi, mwanamume mmoja, mama mmoja aliyestaafu ana mgongo ulionyooka kuliko sisi wote, na wengine kama mimi waliocheza utotoni wakaacha. Kwa wanaodhani miaka imewapita, Royal Academy of Dance ya London, hao ndio wenye mitihani ambayo watoto wengi hufanya, wana mpaka programu ya waliovuka miaka 55, inaitwa Silver Swans. So mimi bado ni kifaranga.

Kitu cha ajabu ni vile sikio linakumbuka na goti halikumbuki. Ticha akisema plie najua ni kukunja magoti, akisema tandu najua mguu unateleza mpaka unyooke, releve najua ni kupanda juu ya vidole, yote imo kichwani kama methali za shule. Halafu mwili unauliza, unaongea na nani? Kesho yake nilishuka ngazi za ofisi kinyumenyume.

Na kuna uongo nilikuwa nikifanya nikiwa mtoto ambao sasa umenikamata. Kwenye baleti miguu inaelekea nje, na ule mzunguko unatakiwa utoke kwenye nyonga, paja lote lizunguke. Mtoto mjanja anapeleka nyayo tu zikae laini moja na goti linapindwa humo katikati, mwalimu akitazama kutoka mbali anaona ni poa. Na miaka 11 goti linakuvumilia. Na 41 linakupigia ripoti usiku huo huo. Ticha alikuja akanishika nyonga akaniambia punguza, fungua kiasi paja linavyoweza, hata kama ni kidogo. Ni kidogo kweli, nyayo zangu zinafanana na saa nane kasoro dakika kumi, lakini goti limenyamaza. Pia alininyima kuruka miezi miwili ya kwanza. Alisema misuli inarudi haraka, ila ile kano ya juu ya kisigino huchukua muda mrefu kuzoea mzigo, na watu wazima wanaorudi kwa fujo ndio wanaoumia hapo. Nilinuna kidogo, nililipia kuruka jamani.

Sasa sakafu, na hapa mzazi unisikilize vizuri manake hakuna mtu aliyeniambia. Studio yetu ya kwanza, siitaji, ilikuwa na vioo vizuri, picha nzuri Instagram, na tailsi juu ya simiti. Mtoto akaanza kulalamika anaumwa mbele ya muundi wa mguu, nikafikiri ni uvivu. Sakafu ya kuchezea inatakiwa iwe ya mbao zilizoinuliwa, chini kuwe na nafasi ya kubonyea kidogo ukitua, juu yake wanatandika plastiki ngumu isiyoteleza. Njia yangu ya kupima ni ya kienyeji, nagonga na kisigino. Ikilia kama ngoma kuna nafasi chini. Ikinyamaza kama kaburi ni simiti, rudi nyumbani na fees yako.

Lakini si sakafu iliyotuondoa pale, ni chapati. Mwalimu mmoja alimwambia mtoto wa miaka tisa, mbele ya wenzake wote, apunguze chapati ndio aruke vizuri. Hakuwa mtoto wangu. Ila wangu usiku huo alisukuma sahani, mimi nimesimama pale na mwiko nikimuuliza unaumwa wapi, hasemi. Nilijua baada ya siku tatu. Watoto hawa wanakua na wakati huo huo wanafanya mazoezi ya kumchosha mtu mzima, asipokula vya kutosha mifupa inadhoofika na msichana hedhi inaweza kuchelewa au kukatika, hiyo si siri, waalimu wa baleti wazuri wanaijua. Nilimtoa wiki hiyo hiyo, term ilikuwa imelipwa yote na hela sikurudishiwa, na wala sijutii.

Hapa tulipo sasa hakuna mtu anaongelea mwili wa mtoto isipokuwa "inua mbavu" na "ulikula nini leo, mbona umechoka".

Viatu. Nilinunua vyangu vya kitambaa online, vikaja, nikavaa cha kwanza sawa, cha pili nikaona ni mguu ule ule. Nikampigia muuzaji nikamwambia amenitumia kulia mbili. Akacheka mpaka nikaona aibu, kumbe viatu vya baleti vingi havina kulia wala kushoto, vinafuata mguu ukishavizoesha. Hata vile vigumu vya kusimama juu ya vidole ni hivo hivo. Lastiki unashona mwenyewe, kile kikamba cha mbele unakaza, unafunga fundo unakichomeka ndani, ukikiacha nje Ticha anakuona na mkasi. Kwa mtoto anayeanza chukueni vya soli nzima, vile vya soli iliyokatwa katikati vinapendeza lakini soli nzima inalazimisha mguu ufanye kazi. Leotadi za mazoezi, zile nguo za kubana mwili, msinunue mpya, nendeni soko la mitumba la Toi asubuhi na mapema, kwenye marobota ya nguo za watoto huwa zinatokea, nilipata mbili kwa bei ya chai na mandazi.

Rangi sasa, hii ndio stori ninayoipenda. Soksi ndefu na viatu vya baleti kwa kawaida ni pinki, na wazo lake ni laini ya mguu ionekane moja kutoka nyonga hadi kidole. Sawa, kwa mguu gani? Binti yangu akivaa pinki anaonekana kama amekatwa kwenye paja akaungwa na mtu mwingine. Huko Uingereza kampuni ya Freed ilianza kutoa viatu vya pwenti, vile vigumu vya kusimama juu ya vidole, vya rangi ya kahawia mwaka wa 2018 pamoja na kundi la Ballet Black, kabla ya hapo wachezaji weusi walikuwa wanakaa wakipaka viatu vyao foundesheni ya uso, na wengi bado wanapaka. Kuagiza mpaka huku ni pesa na kungoja. So sisi tulitumia chai.

Kweli, majani ya chai. Sufuria kubwa, maji yachemke, vijiko vinne vya majani na chumvi kidogo, unazima moto, unatumbukiza soksi zikiwa zimeloa tayari. Sufuria ya kwanza niliharibu manake nilizitia zikiwa kavu na nikazikunja, zikatoka na mabaka kama twiga. Ya pili nilikaa na mwiko nikizigeuza pole pole kama ninayesonga ugali, na binti yangu ameweka mkono wake pale ukingoni wa sufuria kulinganisha, "bado mami, bado, bado... toa!" Tukasuuza na maji ya siki. Viatu vyangu vya kitambaa nilipaka chai ile ile na brashi ya rangi ya shule. Zinapauka kidogo zikifuliwa, unarudia. Kuna mama mzungu pale studio aliniuliza rangi hiyo nilinunua wapi, nikamwambia Kericho.

Kuhusu viatu vya kusimama juu ya vidole, yaani pwenti, nitawaambia vile nilivyogombana na Ticha. Wenzake wawili wa binti yangu walipata, wangu hakupata, na alilia gari zima kuanzia Ngong Road hadi nyumbani, kesho yake nikaingia pale kama wakili. Ticha akanieleza kwa upole, mifupa ya mguu wa mtoto haijakomaa yote, ndio maana hawaanzi kabla ya miaka 11 au 12 hivi, na umri peke yake hautoshi, anaangalia kifundo kinavyokunja na kama mtoto anaweza kupanda na kushuka kwa mguu mmoja mara nyingi bila kuyumba. Wangu alikuwa amerefuka sana mwaka huo, na mtoto akirefuka haraka hivo usawa unapotea kwanza halafu unarudi. Nikasema sawa lakini moyoni sijakubali. Jumatano yangu nikajaribu mwenyewe, mguu mmoja, polepole. Ya sita nikashika chuma. Na vile viatu ndani hakuna maajabu, kwa kawaida ni tabaka za kitambaa na karatasi na gundi, mwenye kukushikilia ni mguu wako. Vikilowa jasho vinalegea, wacheza wakubwa wanaweza kumaliza pea moja kwa onyesho moja, so pia mfuko wangu ulifurahi kungoja.

Siku hizi kwenye gari simkosoi tena binti yangu kuhusu magoti yake. Yeye ndiye ananisahihisha, tukiwa jikoni tunashika ukingo wa sinki, wali unaiva, ananigonga mgongo na kijiko, "mami, makalio ndani".

Kuna shida ya gredi nisisahau. Yeye shuleni yuko Gredi 6, kwenye baleti yuko Gredi 3. Mamangu, anaishi Mombasa siku hizi, alipata cheti cha mtihani kwa WhatsApp akapiga simu saa hiyo hiyo, kwa nini mjukuu wake amerudishwa madarasa matatu na mimi nimenyamaza. Nikamweleza. Akasema haya, lakini na hii ya sasa hivi watafanyia miguu mtihani? Nikamwambia hii ndio wameifanyia, na kwenye CBC, mtaala wa shule wa siku hizi, kuna mkondo mzima wa sanaa na michezo huko senior school. Alikaa kimya kidogo. Akauliza nauli ya kuja kuona onyesho ni nani analipa.

Na wale wanaosema ni mambo ya matajiri, fees ni ghali kweli sitadanganya. Lakini Kibera watoto wamefundishwa baleti miaka mingi na Mike Wamaya kwenye darasa la shule, madawati yanasukumwa kando ndio wapate nafasi. Na Joel Kioko alikulia Kuwinda, ule mtaa wa mabanda pale Karen, akafika English National Ballet School London. Kwa hivo ulizeni kama kuna nafasi za ufadhili, studio kadhaa huwa nazo ila hawazitangazi sana.

Ile nyota iliyopotea sasa. Kadi ya vipindi kumi inaisha baada ya miezi mitatu utake usitake, na darasa ni saa ambayo Waiyaki Way haisongi. Mvua ikinyesha unalipia kipindi ukiwa umekaa kwenye matatu ukitazama wiper. Kadi ya kwanza nilipoteza vitatu hivo, nikaomba waniongezee wiki, wakaniambia sistimu haikubali. Sistimu ni daftari, nimeliona. Pia chumba cha kubadilishia ni kimoja, watoto wanatoka sisi tunaingia, ni viwiko na mabegi.

Nani asiende? Mwenye goti au kifundo kilichowahi kupasuliwa amwone daktari kwanza halafu amwambie mwalimu siku ya kwanza, asijifiche nyuma. Na anayetaka kupunguza kilo haraka, atachoka bure, nusu ya kipindi umesimama pahali pamoja ukitetemeka kwa siri.

Kadi yangu ya tatu imebaki vipindi viwili na inaisha mwisho wa mwezi. Kesho wametangaza mvua. Nimeshaongea na mtu wa boda, nimemwambia aje na ile koti kubwa.