TAHADHARI: Muuzaji wa fanicha za mtiki anayetuma sampuli safi, kisha kontena la mbao nyeupe

Tahadhari hii ni kwa wanaoagiza fanicha za mtiki zilizotengenezwa kwa mkono kwa ajili ya hoteli na nyumba za wageni za visiwani: vitanda vya kuotea jua, meza za kulia za barazani, vitanda vya nguzo nne vya kutundikia chandarua, milango ya nakshi. Tapeli anayepokea arubuni na kuzima simu hatutamwongelea sana, kwa sababu huyo hutambulika kirahisi. Anayeumiza watu ni mwingine. Ana karakana kweli, anapakia kontena kweli, na kiti alichokutumia kama sampuli ni mtiki halisi. Tatizo ni kwamba mzigo wenyewe haufanani na sampuli, na mwenye hoteli hulijua hilo miezi kadhaa baadaye, uso wa meza ukishaachana na viti vikishaanza kucheza.

Mchezo wenyewe huenda hivi. Sampuli inachongwa kwa kiini cha mti uliokomaa: rangi ya asali, nyuzi zimenyooka, viungo vya ulimi na tundu vimebana. Mnunuzi anaridhika, analipa 30%. Oda ikianza, mbao zinabadilishwa. Inaingia mitiki michanga ya mashambani, ambayo kiini chake ni kidogo na sehemu kubwa ni ile mbao nyeupe iliyo karibu na gome. Sifa zote zinazoufanya mtiki uhimili jua na chumvi ziko kwenye kiini, maana humo ndimo mlimo mafuta na silika. Mbao nyeupe haina kinga hiyo. Mchwa, bungua na ukungu huishambulia kama mbao nyingine yoyote laini. Basi fundi anaipaka rangi ya kahawia, anaziba mafundo kwa puti ya vumbi la mbao na gundi, anapitisha mafuta juu, na kwenye picha huwezi kuona tofauti. Wengine huchanganya: uso wa meza ni mtiki, fremu na miguu ni mahogani au mti mwingine wa bei ndogo. Nakshi nayo huficha mengi, hasa vipande vifupi vilivyounganishwa kwa gundi na kuchongwa juu yake ili mistari ya viungo isionekane.

Ukienda karakana au ukimtuma mkaguzi, asiangalie uso uliong'arishwa. Apindue meza. Atazame upande wa ndani wa mbavu za kitanda, ndani ya tundu la bolti, mwisho wa ulimi kabla haujagongwa. Akwangue kwa randa milimita 1 au 2 mahali pasipoonekana. Mtiki uliokwanguliwa sasa hivi huwa na rangi isiyo sawa, mabaka mabaka, pengine yenye ukijani, na husawazika kuwa kahawia ya dhahabu baada ya kukaa kwenye mwanga. Ukikuta weupe chini ya ukahawia, jibu unalo. Kitambaa chenye asetoni nacho husaidia, ila kisomwe kwa akili: mtiki halisi huacha umanjano kidogo kwa sababu ya mafuta yake, kwa hiyo umanjano si kosa. Kosa ni kitambaa kugeuka kahawia iliyokolea huku mbao ikibaki imepauka.

Kipimo ambacho matapeli hawakitarajii ni mizani. Mtiki mkavu uliokomaa una takriban kilo 600 hadi 700 kwa kila mita moja ya ujazo. Chukua meza yenye uso wa sentimita 200 kwa 100 na unene wa sentimita 4. Hiyo ni mita za ujazo 0.08, yaani kilo 48 hadi 56 kwa uso peke yake, bila miguu wala fremu. Muuzaji akiandika kwenye orodha ya vifurushi kwamba meza nzima ina kilo 38, basi ama unene umepunjwa, ama ndani kuna uwazi, ama mti si huo. Dai uzito wa kila kipande tangu kwenye ankara ya mwanzo, kabla hajajua utautumia kwa nini. Kisha mzigo ukipakiwa omba VGM, uzito uliothibitishwa wa kontena, ambao umekuwa wa lazima duniani kote tangu tarehe 1 Julai 2016 chini ya SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama baharini. Toa uzito wa kontena tupu, ambao umeandikwa mlangoni mwake, utoe na wa vifungashio, halafu linganisha na jumla ya orodha yako. Kupungua sana ni dalili mbaya. Kuzidi sana nako ni dalili mbaya, maana mara nyingi ni maji ndani ya mbao.

Unyevu ndio chanzo cha hasara nyingi kuliko hata aina ya mti, na wanunuzi wengi huuandika kwa neno moja tu kwenye mkataba: "kavu". Halitoshi. Hata kifupi KD hakitoshi, kwa sababu kwenye biashara hii hutumika kwa mbao iliyokaushwa tanurini na pia kwa fanicha inayosafirishwa ikiwa imefunguliwa vipande, na muuzaji mjanja atachagua maana inayomfaa. Andika asilimia. Fanicha ya chumba chenye kiyoyozi iwe na unyevu wa 8% hadi 12%. Ya barazani na ufukweni, kwenye hewa nzito ya kisiwa, 12% hadi 15%. Kwa nini ziwe mbili? Mbao hupanda na kushuka mpaka ilingane na hewa iliyoizunguka. Meza yenye upana wa mita 1 iliyotengenezwa ikiwa na 20%, ukiiweka chumbani ikashuka hadi 10%, inaweza kupungua sentimita 1 hadi 2 upande wa upana. Ikiwa imefungwa kwa skrubu zisizoiachia nafasi ya kusogea, itapasuka tu. Ile iliyokaushwa kupita kiasi nayo, ikiwekwa ufukweni, itavimba. Mbavu zilizopangwa bila pengo zitasukumana na kung'oa viungo. Ndiyo maana kwenye michoro lazima ionekane nafasi ya milimita 5 hivi kati ya ubao na ubao kwa fanicha za nje, na uso wa meza ushikwe kwa vibano au skrubu zenye matundu marefu.

Namna ya kupima nayo ina ujanja wake. Fanicha iliyoanikwa juani kwa siku chache huonyesha 11% juu na zaidi ya 20% katikati. Mkaguzi achague vipande vinene kwanza, miguu na nguzo, akate kimoja kwa msumeno, achome sindano za kipima unyevu kwenye sehemu iliyokatwa wakati huo huo, katikati kabisa. Kifaa kiwe kimewekwa kwa kundi la mti husika. Muuzaji akikataa kipande kimoja kikatwe katika oda ya kontena zima, hata baada ya wewe kukubali kukilipia, usipakie.

Na msitegemee bima ije kuokoa hapo. Hata bima pana kabisa ya mizigo, ile ya masharti A, hailipi hasara inayotokana na asili ya mzigo wenyewe wala ufungashaji duni. Mbao mbichi kupasuka ni asili ya mzigo. Ukungu uliozuka kontenani kwa sababu mbao zilikuwa zinatoa maji, nao utapingwa vivyo hivyo.

Kuhusu vyuma, yaani bolti na skrubu: kwa mita chache kutoka baharini itisha stenlesi (chuma kisichoshika kutu kirahisi) ya daraja la 316, si 304. Tofauti yake ni madini ya molibdeni, 2% hadi 3%, inayozuia chumvi kutoboa chuma. Sumaku haikusaidii kutofautisha, kwa kuwa zote mbili karibu hazishikwi nayo. Muuzaji anayekuonyesha sumaku kama ushahidi anakupiga kiini macho. Kuna matone maalumu ya kupimia molibdeni, ni rahisi kutumia. Gundi iwe ya epoksi au poliyurethani, na viungo vifutwe mafuta kabla ya kupakwa, la sivyo mafuta ya mtiki yataikataa gundi.

Sasa makaratasi, ambako uongo ni mwingi zaidi. Mtiki wa kawaida, Tectona grandis, haumo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka. Kwa hiyo anayekuomba pesa ya ziada ya "kibali cha CITES" kwa ajili ya mtiki ni mwizi. Anayekuahidi mtiki wa msitu wa asili wa Myanmar kwa bei ya chini naye ana maswali ya kujibu: nchi hiyo ilipiga marufuku kusafirisha magogo nje kuanzia tarehe 1 Aprili 2014, na shirika lake la mbao la serikali liliwekewa vikwazo na Marekani na Umoja wa Ulaya mwaka 2021. Fanicha nyingi halali za kazi ya mkono hutoka Java, kisiwa cha Indonesia, hasa mji wa Jepara na vitongoji vyake. Msafirishaji wa Indonesia anatakiwa awe na nambari ya usajili wa biashara, NIB, yenye tarakimu 13, na hati ya uhalali wa mbao chini ya SVLK, mfumo wa nchi hiyo wa kuthibitisha mbao halali. Nembo ya FSC, shirika linalotoa vyeti vya misitu inayotunzwa vizuri, isikutoshe. Chukua nambari ya cheti, itafute kwenye hifadhidata ya wazi ya FSC, hakikisha jina la kampuni ni lile lile, cheti hakijasimamishwa, na bidhaa unayonunua imo ndani yake. Ni kawaida kukuta cheti ni cha kweli lakini ni cha jirani. Paleti na masanduku ya mbao yawe na mhuri wa IPPC wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya kuzuia wadudu kusafiri ndani ya mbao za vifungashio: mbao zilizopashwa joto hadi kiini kifike nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30, au zilizofukizwa. Bila mhuri huo forodha inaweza kuuzuia mzigo au kuurudisha, na gharama za kuchelewesha kontena ni zako.

Hati ya shehena, BL, haithibitishi kilichomo. Kampuni ya meli haifungui kontena. Inaandika tu kile mpakiaji alichosema kimo. Kwa hiyo sharti la "70% baada ya nakala ya BL", ambalo wengi huliona salama, linathibitisha tu kwamba kontena fulani limepanda meli fulani. Hata hilo lihakiki: ingiza nambari ya kontena, herufi 4 na tarakimu 7, kwenye tovuti ya kampuni ya meli yenyewe, si kwenye kiungo alichokutumia muuzaji. Nambari ya lakiri, yaani kifungo cha mlango wa kontena, kwenye picha za kupakia ilingane na iliyo kwenye BL. Ukitumia barua ya mkopo ya benki, LC, kumbuka benki inalipa kwa kuangalia nyaraka, si bidhaa. Weka cheti cha ukaguzi kama mojawapo ya nyaraka za lazima, kikitolewa na mkaguzi uliyemtaja wewe kwa jina, chenye vipimo vya unyevu, uzito na picha za kupakia. Asiyetumia LC agawe malipo: 30% mwanzo, 30% vipande vikiwa vimekatwa na kupimwa kabla ya kupakwa chochote, na salio baada ya ukaguzi wa kupakia. Malipo ya katikati ndiyo yanayomzuia kupaka rangi kabla hujaona mbao.

Dalili za haraka za tapeli kamili, kwa kifupi: akaunti ni ya mtu binafsi au ya nchi nyingine, akaunti inabadilishwa kwa barua pepe katikati ya oda (piga simu kwa nambari uliyokuwa nayo tangu mwanzo, si iliyo kwenye barua hiyo, maana huenda hata muuzaji mwenyewe amedukuliwa), picha zake ukizitafuta zinatokea kwenye kurasa za watu wengine, hataki kuonyesha karakana kwa video ya moja kwa moja huku fundi akiandika neno ulilolichagua wewe kwenye ubao. Na ile presha ya "lipa leo, meli inaondoka kesho". Wanajua hoteli ina tarehe ya kufunguliwa, na wanaichezea hiyo tarehe.

Kama umeshalipa na una shaka, anza na benki yako siku hiyo hiyo: omba wairudishe fedha na waiarifu benki iliyopokea. Baada ya hapo ni polisi. Kama kontena lipo njiani na salio hujalipa, usilipe kabla ya kujua mkaguzi ataruhusiwa kuingia bandarini. Likifika, picha zianze kwenye lakiri kabla ya kukatwa, kisha mlango, kisha kila safu inavyotoka. Pima unyevu saa hiyo hiyo, pale pale bandarini, kabla mzigo haujahamishiwa kwenye jahazi au tishari la kisiwani, kwa sababu ukishafika kisiwani muuzaji atadai mbao zimelowa kwenye hilo jahazi. Toa taarifa ya maandishi kwa kampuni ya meli ndani ya siku 3 kama uharibifu haukuonekana wakati wa kupokea. Na kata vipande viwili vya mbao yenye kasoro, uvifunge kwenye mfuko wa nailoni usiopitisha hewa, uandike tarehe na nambari ya kontena: kimoja cha mtaalamu wa kutambua aina ya mti, kimoja cha wakili.