Krimu ya Kafeini kwa Vishimo vya Mapajani: Nimeipaka Wiki 8

Habari zenu wapenzi, karibuni tena. Leo naongea na akina dada na akina mama wenzangu wenye vile vishimo vya mapajani na makalioni, selulaiti. Hii hapa ni krimu ya kafeini, nimeinunua shilingi 45,000. Nimeipaka wiki 8, asubuhi na jioni, paja la kushoto peke yake. La kulia sikuligusa, nipate kulinganisha.

Sogeeni muone. Hili la kushoto ngozi imelainika, inang'aa, na nikipaka asubuhi vishimo vinafifia kidogo mpaka kama saa sita hivi. Halafu vinarudi. Nilisafiri siku 3 nikaisahau nyumbani, mapaja yote mawili yakawa sawasawa. Kafeini inapunguza maji tu kwenye ngozi, ndiyo maana ukiacha kupaka huna kitu.

Mnalikumbuka godoro la sufi, lile fundi analolishona kwa uzi mnene kutoka juu mpaka chini? Uzi ulipokazwa panabonyea, pembeni sufi inafura. Ndivyo tulivyo sisi wanawake: chini ya ngozi kuna nyuzi zilizosimama wima zinaivuta ndani, na mafuta yaliyo katikati yanasukuma juu. Za wanaume zimepishana kama wavu, kwa hiyo kwao ni nadra. Jamani, huu si ugonjwa, na wembamba pia wanavyo! Tukishabalehe, wanawake 80 hadi 90 katika kila 100 tunavyo. Sasa ukilipaka godoro mafuta, ule uzi utaufanya nini?

Kwa hiyo chenye ushahidi mzuri zaidi ni kuukata uzi wenyewe. Daktari anakupiga ganzi, anapitisha kijisu chembamba chini ya ngozi, anakata. Kifaa cha kukata hivyo, Cellfina, kiliruhusiwa Marekani mwaka 2015, na wanawake waliofuatiliwa miaka 3 vishimo vyao vilikuwa bado vimepungua. Kulikuwa pia na sindano ya kuyeyusha nyuzi, Qwo, iliyoidhinishwa hukohuko Julai 2020. Mwisho wa 2022 kampuni ikaacha kuiuza, kwa sababu damu ilikuwa inavilia na madoa yanakaa muda mrefu. Sisi wenye ngozi nyeusi hapo tuwe makini sana, maana ngozi yetu ikiumia tu inaacha doa. Muulize daktari hilo kabla hujalipa hata senti. Na kufyonza mafuta usikubali kwa ajili ya vishimo, kunaweza kuvizidisha.

Ukitaka lazima cha kupaka, tafuta krimu ya retinoli, yaani aina ya vitamini A, ya asilimia 0.3. Inaifanya ngozi iwe nene kidogo, na baadhi ya wanawake huona nafuu, ila ni miezi 6 au zaidi. Mwenye mimba asiiguse.

Hii ya kafeini mimi siinunui tena. Shilingi 45,000 kwa vishimo kujificha mpaka saa sita mchana, hapana. Iliyobaki naipaka visigino, maana kulainisha inalainisha kweli.