Duka la gesi lililoniuliza nilipo kwa wakati wake

Gesi iliniishia Jumamosi asubuhi, maharage yakiwa jikoni, na mtungi wa kilo 15 siubebi tena tangu mgongo uanze kunisumbua. Nikaingia kwenye tovuti ya duka moja la hapa Mbeya ambalo jirani hachoki kulisifia.

Nilichagua mtungi, nikaona bei, nikaona na nauli ya bodaboda mpaka Uyole. Muda wote huo sikuulizwa chochote. Nilipofika sehemu ya kupelekewa mzigo ndipo nikakuta kitufe, "Tumia mahali nilipo", na chini yake mstari mmoja: dereva ataona ulipo kwa oda hii tu. Nikakibonyeza, kivinjari kikaleta kidirisha chake, nikaruhusu kwa mara hiyo moja. Sikusita, kwa sababu nilijua naulizwa kwa ajili ya nini.

Mwezi uliopita nilijaribu tovuti nyingine. Ukurasa haujamaliza hata kufunguka, kidirisha hicho hapo: inataka kujua mahali ulipo. Ya nini, na bei yenyewe sijaiona? Naishi na watoto peke yangu, nikazuia. Baadaye nilipotaka kuagiza kweli, ukurasa ukakwama. Kumbe ukishazuia, tovuti haiwezi kukuuliza tena mpaka mwenyewe uguse alama iliyo kando ya anwani kule juu, uingie kwenye ruhusa, ubadilishe. Binti yangu ndiye aliyenionyesha. Na hata ukikifunga tu kidirisha hicho bila kujibu, ikifika mara ya tatu kivinjari cha Chrome huinyima tovuti hiyo nafasi ya kuuliza kwa siku 7. Wenye biashara wanajifungia mlango wenyewe kwa haraka ya dakika ya kwanza.

Duka hili nalo lina la kurekebisha. Nilikuwa ndani, simu ikakosea, ramani ikaniweka ng'ambo ya barabara kuu. Kilichoniokoa ni kisanduku cha maelezo: "njia ya Tukuyu, geti la bluu, mparachichi mkubwa". Kimefichwa chini kabisa! Kiwekeni sambamba na kile kitufe, ili asiyetaka kutoa mahali alipo aandike tu na ahudumiwe vilevile.

Dereva alifuata mparachichi. Dakika 40 mtungi ulikuwa mlangoni, akanifungia na reguleta, akapima kama inavuja kwa povu la sabuni. Nitaagiza tena kwao.